Miaka 40 ya hesabu, picha moja, na kibete kilichokosekana

Kuna saa moja angani ambayo haina mkono, haina betri, na haijawahi kupelekwa kwa fundi pale River Road. Inaitwa V471 Tauri. Ni nyota mbili zilizokaribiana hivi kwamba ukizitazama kutoka huku kwetu unapata kinukta kimoja tu, tena hafifu, macho matupu hayakioni. Lakini kila baada ya saa 12 na nusu hivi, nyota moja inapita mbele ya mwenzake na kuifunika. Mwanga unashuka ghafla. Baada ya muda usiofika saa moja, unarudi. Tangu 1970, mwaka ambao iligunduliwa kwamba nyota hizi zinafunikana, watu wamekuwa wakikaa na darubini zao wakiandika: imeshuka saa ngapi, dakika ngapi, sekunde ngapi.

Shida ni kwamba saa hiyo haishiki majira. Kuna miaka ambayo kufunikana kulikuja mapema kuliko hesabu ilivyosema, na kuna miaka kulichelewa. Dakika mbili hivi huku, dakika mbili hivi kule, katika wimbi moja refu la takriban miaka 30.

Najua unachowaza. Dakika mbili tu? Mathree ya Rongai inaweza kukaa stage nusu saa ikingoja abiria mmoja na hakuna anayeandika karatasi ya sayansi. Lakini nyota si mathree, bana. Hazingoji abiria. Nyota mbili zinazozungukana bila kusumbuliwa zinafaa kurudi pale pale kwa wakati ule ule, mwaka baada ya mwaka, na kipimo cha kufunikana kwa V471 Tauri kinaweza kuwa sahihi hadi sekunde chache. Ukiona dakika mbili zimepotea, ujue kuna kitu. Swali ni kitu gani.

Jibu lililopendwa na wengi lilikuwa hili: kuna wa tatu. Kuna kitu kingine kizito, kisichoonekana, kinazunguka nje ya hizo nyota mbili na kuzivuta. Wakapiga hesabu. Ikatoka kitu chenye uzito wa zaidi ya mara 40 ya sayari ya Mshtarii, kilicho mbali na nyota zile kupita kidogo umbali wa Zohali kutoka kwa Jua letu. Kitu cha uzito huo kina jina lake. Kinaitwa kibete kahawia.

Hebu tusimame hapo kidogo, maana hivi vibete ni viumbe vya ajabu.

Nyota ya kawaida kama Jua inawaka kwa sababu ni nzito. Uzito wake unaibana kati kati mpaka haidrojeni inaungana na kugeuka heliamu, na hapo ndipo nguvu na mwanga vinatoka. Sasa chukua wingu la gesi ambalo lilitaka kuwa nyota lakini likakosa malighafi ya kutosha. Linajibana, linapata joto, linang'aa kiasi, lakini ule moto wa haidrojeni haushiki sawasawa. Ni kama jiko la makaa ulilowasha ukakosa makaa ya kuongeza: lina joto, lina wekundu fulani, lakini ugali haupiki. Kuanzia hapo linapoa tu, polepole, kwa mabilioni ya miaka. Hicho ndicho kibete kahawia. Kwa kawaida uzito wake ni kati ya mara 13 na mara 75 hadi 80 ya Mshtarii. Umbo lake nalo, hapa ndipo utashangaa, linalingana karibu na Mshtarii wenyewe. Uzito wote huo umeshindiliwa ndani ya mpira wa saizi ile ile.

Jina alilipendekeza Jill Tarter, mwanaastronomia Mmarekani, mwaka wa 1975. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekiona hata kimoja. Ilibidi watu wangoje miaka 20, hadi 1995, ndipo vibete vya kwanza vya uhakika vikatangazwa. Na wala si vya kahawia. Ungevisogelea ungeona rangi ya wekundu wa kufifia. Jina lilishaingia mtaani, likabaki.

Unaona basi ugumu wake. Kibete kahawia hakitoi mwanga wa maana wa kuonekana kwa macho. Kinachotoka zaidi ni infraredi, yaani mwanga wa joto, ule unaousikia usoni ukiketi mbele ya jiko hata ukifumba macho. Sasa kiweke karibu na nyota mbili halisi zinazowaka kwa fujo. Ni sawa na kutafuta kaa la mwisho la sigara karibu na taa za uwanja wa Kasarani. Ndiyo maana watu waliona heri wasikitafute chenyewe. Watafute alama ya mvuto wake. Na saa ya nyota pacha ni mtego mzuri sana wa kunasia mvuto.

Mtego wenyewe unafanyaje kazi? Chukulia una shangazi anayekutumia chapati kwa boda. Anatuma boda moja kila baada ya dakika kumi, bila kukosa, na boda zote zina spidi moja. Wewe uko kejani na saa mkononi. Zinafika kila dakika kumi, safi. Kisha unaanza kuona nafasi inanyooka: dakika kumi na sekunde ishirini, kumi na sekunde thelathini. Shangazi amezembea? Hapana. Yeye bado anatuma kila dakika kumi kamili. Ila amepanda gari, anasonga mbali na wewe, kwa hivyo kila boda ina safari ndefu kuliko iliyotangulia. Akigeuza gari kurudi, nafasi zitaanza kufinyika.

Badilisha boda uweke mwanga. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo dakika mbili za kuchelewa ni safari ya ziada ya kilomita milioni 36. Kama kuna kibete kinachozunguka nyota pacha, kinazivuta zote mbili kwa pamoja. Zinasogea kuja kwetu kwa miaka, zinarudi nyuma kwa miaka. Zenyewe zinaendelea kufunikana kwa wakati. Habari ndiyo inayochelewa njiani. Ukichora mabadiliko hayo kwenye karatasi unapata wimbi, na wimbi hilo linakupa mzunguko na angalau kadirio la chini la uzito wa mvutaji. Hutahitaji kumwona.

Si mbinu ngeni. Mwaka wa 1676 Ole Rømer, Mdenmaki, alitumia wazo hilo kwa miezi ya Mshtarii akaonyesha kwamba mwanga una spidi, haufiki papo hapo. Na kuna kipande cha stori hii kilichoanzia hapa hapa kwetu, ambacho nashangaa mbona hatukiimbi shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, mwaka ule ule wa V471 Tauri, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikapewa jina Uhuru. Ndani ya muda mfupi Uhuru ilinasa mapigo ya eksirei kutoka kitu kinachoitwa Centaurus X-3, pigo moja kila sekunde 4.8. Mapigo yalikuwa yakikaribiana na kuachana kwa mpango, katika mzunguko wa siku 2.1. Shangazi na chapati zake tena. Kilichokuwa kikipiga kilikuwa kinazunguka nyota nyingine. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.

Kwa hivyo mbinu ni halali, imeshatoa matokeo makubwa. Na kibete cha V471 Tauri kilikuwa na mvuto wa pekee, kwa sababu ya maisha ambayo nyota hizo zimepitia.

Moja kati ya hizo mbili ni nyota ya rangi ya machungwa, nyepesi kidogo kuliko Jua. Nyingine ni kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyomaliza fueli yake: kina uzito unaokaribia wa Jua lakini kimebanwa kikawa na ukubwa unaokaribia wa Dunia. Kabla hakijawa hivyo kilikuwa nyota iliyovimba vibaya, ikameza mwenzake. Kwa muda wote wawili walikuwa ndani ya gesi moja, wakasuguana nayo, wakakaribiana, mpaka gesi ikatupwa nje. Leo umbali kati yao ni karibu mara sita ya umbali wa Dunia hadi Mwezi. Kwa nyota, hiyo ni kulala kitanda kimoja.

Sasa kama baada ya vurugu zote hizo bado kuna kibete kahawia kinazunguka pale nje, hiyo ni habari. Ama kilinusurika, ama kiliumbwa upya kutokana na gesi iliyotupwa. Na V471 Tauri haikuwa peke yake. Kuna nyota pacha kadhaa za aina hii ambazo saa zao zinayumba, na kwa nyingi watu walikuwa wameshatangaza sayari au vibete vinavyozizunguka, wakiwa na ushahidi huo mmoja tu wa wimbi. Hakuna picha. Kama wimbi linaweza kudanganya kwa V471 Tauri, linaweza kudanganya kwingine kote. Hapo ndipo kesi ilipokuwa nzito.

Na V471 Tauri ilikuwa mahali pazuri pa kuijaribu. Ni sehemu ya kundi la nyota liitwalo Hyades, umbali wa miaka ya nuru 150 na ushei, na umri wa kundi hilo unajulikana: takriban miaka milioni 600. Ukijua umri unajua kibete kingekuwa kimepoa kiasi gani. Ukijua umbali unajua kingeonekana na mwanga kiasi gani. Na ukijua mzunguko, unajua kingekuwa wapi mwaka gani. Yaani kwa mara moja hii, hesabu ilikuwa imetoa anwani kamili, mpaka namba ya mlango. Kilichobaki ni mtu kwenda kubisha.

Waliokwenda kubisha ni timu iliyoongozwa na Adam Hardy wa Chuo Kikuu cha Valparaíso, Chile. Desemba 2014 walitumia kifaa kipya kinachoitwa SPHERE, kilichofungwa kwenye mojawapo ya zile darubini kubwa za Paranal, jangwani Chile, yenye kioo cha upana wa mita 8.2. SPHERE ina mambo mawili. Kwanza, ina kioo chembamba kinachojipinda zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde ili kufuta ule mtetemeko wa hewa unaofanya nyota zimetemete. Pili, ina kizibo kinachoifunika nyota yenyewe, kama unavyokinga jua kwa kiganja ili uone ndege anayepita.

Kibete kilitakiwa kiwe karibu na nyota kwa pembe ndogo ya kuchekesha. Simama pale Archives katikati ya Nairobi, mwambie rafiki yako aliye Ruiru ainue sarafu ya bob 20. Pembe ya sarafu ile machoni pako, hiyo ndiyo nafasi waliyokuwa wakiichungulia. Na SPHERE iliiweza. Kwa mwanga ambao kibete kilitabiriwa kuwa nao, kingeonekana bila ubishi.

Hakukuwa na kitu.

Si ati kulikuwa na kivuli cha kubishania, au kinukta ambacho ukifinya jicho unaweza kukiita kibete. Pale anwani iliposema, palikuwa patupu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015, na kichwa cha karatasi yao hakikuzunguka mbuyu: kilisema wazi kwamba kibete kilichotabiriwa kimekanushwa.

Mimi naipenda sana sehemu hii, na nitakwambia kwa nini. Hesabu ya watu waliotangulia haikuwa na makosa. Wimbi lipo. Dakika zilipotea kweli, na ukichukua kibete cha uzito ule ukakiweka pale, kinalieleza wimbi vizuri. Kila kitu kililingana. Kitu pekee kilichokosekana ni kibete chenyewe.

Sasa nani aliiba dakika mbili?

Rudi kwa shangazi. Tulisema yeye anatuma boda kila dakika kumi kamili, kwa hivyo chapati zikichelewa ni kwa sababu amesonga. Lakini nani alikwambia anatuma kila dakika kumi kamili? Tulidhani tu. Huenda hajatoka jikoni kwake hata hatua moja, ila kuna siku gesi iko chini na kuna siku iko juu, na nafasi kati ya chapati na chapati inabadilika. Wewe kejani huwezi kujua tofauti. Saa yako inaonyesha kitu kile kile.

Mwaka wa 1992 James Applegate wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alieleza jinsi nyota inavyoweza kufanya hivyo. Jua letu lina mzunguko wa usumaku wa takriban miaka 11. Madoa yanaongezeka, yanapungua. Ile nyota ya machungwa ya V471 Tauri ina fujo kuliko Jua. Jua linajizungusha mara moja kwa siku 25 hivi. Hii imelazimishwa na mwenzake kujizungusha kila saa 12 na nusu. Imejaa madoa na usumaku wa nguvu. Applegate alisema usumaku ukipanda na kushuka unaweza kuhamisha mwendo ndani ya nyota, na nyota ikabadilika umbo kidogo sana: mara imebonyea zaidi kwenye ncha zake, mara imekaribia kuwa mviringo. Umbo likibadilika, mvuto wake kwa jirani aliye karibu hivyo unabadilika pia, na mzunguko unafupika au kurefuka kwa kipande cha sekunde. Kipande hicho kikirundikana mzunguko baada ya mzunguko, mwaka baada ya mwaka, unapata dakika.

Hayo ndiyo maelezo yanayoongoza. Wataalamu bado wanabishana kama nyota hiyo ina nguvu ya kutosha kufanya mchezo huo kwa kiwango kinachohitajika, na mapendekezo ya kuliboresha wazo la Applegate yanaendelea kuja. Sitakuuzia kama jambo lililofungwa.

Lakini swali la kibete lilipata shahidi wa pili, na huyu ndiye anayenifurahisha kuliko hata picha. Kile kibete cheupe chenyewe kinajizungusha, mara moja kila sekunde 555, yaani dakika tisa na robo. Kwa sababu ya usumaku wake kinapiga kama taa ya mnara: mwanga wake unapanda na kushuka kidogo kwa kila mzunguko. Kwa hivyo ndani ya V471 Tauri kuna saa mbili. Moja ni ya kufunikana, nyingine ni ya kujizungusha.

Fikiria maana yake. Kama kuna kibete kahawia kinachovuta nyota zote mbili mbele na nyuma, basi habari zote zinazotoka pale zinachelewa sawa. Shangazi akiwa kwenye gari, chapati zitachelewa na maandazi yatachelewa, dakika zile zile. Lakini kama tatizo liko jikoni kwenye jiko la chapati, maandazi yatakuja kwa wakati. Zachary Vanderbosch na wenzake walikusanya vipimo vya zaidi ya miaka kumi vya saa ile ya pili, wakachapisha mwaka wa 2017. Maandazi hayakufuata chapati. Saa ya kibete cheupe haikuyumba pamoja na saa ya kufunikana. Mvutaji wa nje hayupo.

Picha peke yake mtu angeweza kuibishia. Angesema pengine kibete ni hafifu kuliko tulivyodhani, pengine kilikuwa kimejificha. Saa mbili zisizokubaliana haziachi mlango huo wazi.

Mfano mwingine ni HW Virginis, nyota pacha inayojifunika kila baada ya saa 2 na dakika 48. Mwaka wa 2009 watafiti walitangaza vitu viwili vinavyoizunguka, kimoja kikiwa na uzito wa kibete kahawia. Hesabu ililingana na wimbi, tena vizuri. Mwaka wa 2012 timu nyingine, Jonathan Horner na wenzake, ilichukua mizunguko hiyo miwili ikaiendesha mbele kwenye kompyuta ione itaishi muda gani. Haikufika miaka elfu moja. Vitu hivyo vingegongana au kutupana nje. Kwa nyota ya umri wa mamilioni na mamilioni ya miaka, huko ni kusema umemkuta mtu akivuka Thika Road kwa mikono na anadai ndivyo anavyokwenda kazini kila siku tangu azaliwe.

Usitoke hapa ukidhani vibete kahawia ni hadithi za abunuwasi. Vipo tele, na vingine viko ndani ya nyota pacha zilizokaribiana kabisa. Tofauti ni jinsi vilivyokamatwa. Mwaka wa 2006 Pierre Maxted na wenzake walitangaza kimoja chenye uzito wa mara 53 ya Mshtarii, kinachozunguka kibete cheupe kiitwacho WD 0137-349 kila dakika 116. Mwaka mzima wa huko ni mfupi kuliko mechi ya Gor na Ingwe ukijumlisha mapumziko na zile dakika za nyongeza za kugombana na refa. Hapo hawakutegemea saa. Walitumia mwanga wenyewe: unajua jinsi mlio wa ambulansi unavyokuwa mkali ikija na kushuka ikishakupita, mwanga nao unasogea kuelekea buluu nyota ikija, na kuelekea nyekundu ikienda. Ukipima hivyo unaona nyota ikivutwa huku na kule. Na kibete hiki kilimezwa kweli na nyota iliyovimba, kikatoka upande wa pili kikiwa hai. Kumbe ile ndoto ya V471 Tauri haikuwa ya kijinga. Ilikuwa tu kwenye nyumba isiyo yake.

Na kuna hii ya juzi juzi. Mojawapo ya vibete vile vya kwanza vya 1995 kinaitwa Gliese 229 B, karibu miaka ya nuru 19 kutoka hapa. Kiko kwenye kila kitabu. Lakini kwa miaka kulikuwa na kitu kisichoingiana: kipimo cha uzito kilisema takriban mara 70 ya Mshtarii, na kitu cha uzito huo kingetakiwa king'ae zaidi ya kilivyong'aa. Kilikuwa hafifu mno. Mtu angeweza kuitetea hesabu, akaiongezea hiki na kile mpaka ikae. Mwaka wa 2024 timu ya Jerry Xuan wa Caltech iliunganisha darubini zote nne kubwa za Paranal zifanye kazi kama moja, na kando yake wakapima mwendo kwa ile mbinu ya ambulansi. Gliese 229 B si kibete kimoja. Ni viwili, cha mara 38 na cha mara 34, vinazungukana kila siku 12, umbali wa mara 16 tu ya Dunia hadi Mwezi. Uzito ulikuwa sawa tangu mwanzo, umegawanywa mara mbili. Miaka karibu 30 watu wameangalia mapacha wakadhani ni mmoja.

Unaiona V471 Tauri ikigeuzwa kichwa chini? Kule hesabu iliongeza mtu ambaye hayupo. Huku ilikosa mtu ambaye yupo. Katika zote mbili, kilichoamua ni kipimo cha aina nyingine, kisichojali kile cha kwanza kilisema nini.

Kama unataka kuona mtaa wenyewe, mwishoni mwa Novemba, saa mbili usiku, tafuta mahali pasipo na taa za barabarani utazame mashariki. Utaona Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikifuata kupanga msimu. Nyoosha mkono, kunja ngumi. V471 Tauri iko upande wa kulia wa Kilimia, umbali usiofika upana wa ngumi hiyo. Hutaiona bila darubini, lakini utakuwa umeelekeza uso panapofaa. Chini zaidi kuna nyota nyekundu inayong'aa, Aldebaran, ikiwa mbele ya zile nyota za Hyades zilizopangika kama herufi V.

Ile ya kufanyia kazi hasa ni HW Virginis. Inapita karibu na utosi wetu hapa Kenya, na ikifunikwa mwanga wake unapungua karibu nusu, kwa hivyo hata darubini ndogo yenye kamera inaweza kupima. Watu wasio na shahada yoyote ya fizikia, duniani kote, wanapima nyakati za nyota kama hizi na kuzituma kwa mashirika kama AAVSO, ambalo limekuwa likipokea vipimo vya watazamaji wa kawaida tangu 1911. Wimbi la HW Virginis bado halijaelezwa vizuri, na kila wakati mpya unaoandikwa unaweza kuiangusha hesabu ya mtu. Aprili na Mei iko juu usiku, ila hiyo ni masika na mawingu yatakudharau. Ngoja Juni.